Usimuuze Baba wa Kundi Lako

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa, wanunuzi wa mifugo hupita mlangoni mwetu. Wengine huja kwa miguu, wengine kwa pikipiki. Hawakawii kwenye salamu. Husimama penye ua wa zizi, wakatazama kidogo, kisha kidole kikanyooka. Daima kidole hicho humwelekea mwanakondoo dume aliye mkubwa kuliko wenzake, yule mwenye mgongo mpana na mapaja yaliyojaa. "Huyu bei gani, mama?" Na sisi, tukiwa na barua ya karo mezani, tunataja bei. Jioni zizi lina nafasi moja zaidi, na pesa zimekwisha kufungwa kwenye kitambaa.

Kwa miaka mingi tulifanya hivyo bila kufikiri mara mbili. Aliyekua upesi aliuzwa upesi. Aliyekuwa mdogo, ambaye mnunuzi hakumtaka hata kwa kusihiwa, alibaki. Naye akabaki na majike. Yeye ndiye aliyekuwa baba wa wanakondoo wa mwaka uliofuata. Kisha tukawa tunashangaa kwa nini kondoo wetu wanazidi kudumaa, na kwa nini yule aliyekuwa akifikia uzito wa kuuzwa kwa miezi minane sasa anamaliza mwaka mzima akiwa bado mdogo. Tulilaumu malisho. Tulilaumu mvua. Hata jicho la jirani tulilitaja siku moja, jambo tunalolionea haya sasa.

Msomaji mpendwa, huenda nawe unafuga kondoo watano, kumi, au ishirini, na ndio benki yako. Tunaandika haya kwa ajili yako, kwa sababu sisi tulilipa gharama kubwa kabla ya kujifunza.

Tamaa ya dume mkubwa

Tunaishi Kajiado, katika nyanda ambazo mwaka mmoja ni kijani na mwaka unaofuata ni vumbi tupu. Kondoo tuliowarithi ni wale wekundu wa Kimaasai, wenye mkia wa mafuta na manyoya mafupi. Si wakubwa. Jike mzima hupata kilo 30 au 35 hivi. Mwishoni mwa 2014 tulichoka nao. Tulikuwa tumeona kwa wenzetu kondoo wa Dorper, mwili mweupe na kichwa cheusi, amejaa kama gunia la mahindi. Tuliuza kondoo sita ili tununue dume mmoja.

Dorper si mnyama wa kudharauliwa. Alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn, kondoo wa nyama kutoka Uingereza, na Blackhead Persian. Jina lake ni vipande vya majina hayo mawili vilivyounganishwa. Na huyo anayeitwa Mwajemi mwenye kichwa cheusi, licha ya jina lake, asili yake ni Somalia, kwa hiyo upande mmoja wa ukoo wa Dorper ni jirani yetu wa siku nyingi. Huko Afrika Kusini, penye malisho mazuri, mwanakondoo wa Dorper huweza kufikia kilo 36 akiwa na miezi mitatu na nusu au minne. Ukisikia hesabu hiyo huku wako ana kilo 12 katika umri wa miezi mitatu, utaelewa kwa nini tuliuza sita.

Wanakondoo wa kwanza walizaliwa 2015, nao walitufurahisha sana. Walikuwa chotara, nusu mama mwekundu na nusu baba Dorper. Walikua upesi, walikuwa wachangamfu, na mnunuzi alitoa bei ambayo hatukuwahi kuipata. Hapo ndipo tulipopotea. Tulisema, ikiwa nusu ni nzuri hivi, robo tatu itakuwa nzuri zaidi. Tulimuuza dume mwekundu wa mwisho. Tulibakiza majike chotara, tukayaacha yapandwe na dume yule yule. Yaani alikuwa baba yao, na sasa akawa mume wao. Kwa wanakondoo waliofuata alikuwa baba na babu kwa wakati mmoja.

Nyanya ya watoto wetu, ambaye zizi lake liko ng'ambo ya korongo, alikataa kuleta majike yake manne. "Wanangu," alisema, "huyo dume wenu anakula kama mgeni wa harusi. Mimi nitabaki na wangu." Tulicheka, kwa heshima, lakini tulicheka.

Mwaka 2017 ukame ulikuwa mkali, na dume wetu alikonda hadi mbavu zikahesabika. Tulimpitisha kwa majani ya kununua. Kisha ikaja masika ya 2018, mvua ambayo wengi nchini wanaikumbuka kwa mafuriko. Tulishukuru. Nyasi ziliota hadi magotini, na tulikuwa na wanakondoo 19 ambao tayari tulikuwa tumewahesabu kuwa karo ya kidato cha kwanza ya binti yetu.

Wiki chache baadaye, mmoja alianza kubaki nyuma ya kundi. Uvimbe laini ulimtokea chini ya taya. Tulimfunua ukope wa jicho, na ndani palikuwa peupe kama karatasi. Aliyetusaidia ni afisa wa mifugo, na alitueleza kwamba ni minyoo wa tumbo wanaonyonya damu. Mvua na joto huwafanya waongezeke katika nyasi, na mwanakondoo huwala pamoja na malisho. Tulitoa dawa, lakini wengi walikuwa wameishiwa damu. Kati ya wale 19 tulizika 11. Nyanya, ng'ambo ya korongo, penye nyasi zile zile na mvua ile ile, alikuwa na wanakondoo watano wekundu. Hakupoteza hata mmoja. Hakutusema. Alituletea maziwa.

Januari 2019 binti yetu alikwenda shule. Tulimuuza ng'ombe wetu wa maziwa.

Jambo lililokwisha kujulikana

Kilichotuuma zaidi ni kugundua kwamba kosa letu halikuwa jipya. Tangu katikati ya miaka ya 1970 madume wa Dorper waligawiwa kwa wafugaji wa Kenya kwa bei ya kusaidiwa, lakini wafugaji hawakufundishwa namna ya kuendesha uchanganyaji. Wengi walifanya kama sisi, walichanganya na kuchanganya tena, hadi kondoo mwekundu halisi akawa adimu. Watafiti walipomtafuta mwaka 1992 katika Kenya na Tanzania, walipata wachache tu wasio na damu ya kigeni.

Na kati ya 1991 na 1996, huko Diani, kusini mwa Mombasa, ambako kuna unyevu na minyoo mingi, watafiti waliwafuga wekundu wa Kimaasai, Dorper na chotara wao pamoja, wakawapima. Wekundu walikuwa na mayai machache zaidi ya minyoo katika kinyesi, damu yao ilikuwa na nguvu zaidi, na wanakondoo wao walikufa kwa uchache. Kwa jumla, mahali pale, kundi la wekundu liliwapita Dorper kwa faida, ijapokuwa Dorper mmoja mmoja ana mwili mkubwa.

Tulipoyajua haya tulikaa kimya jioni nzima. Uzito wa mwanakondoo aliyekufa ni sifuri, hata baba yake akiwa na kilo 100.

Hatusemi Dorper ni mbaya. Mwenye malisho ya kutosha, mahali pakavu pasipo na minyoo mingi, na pesa za dawa, atamfaidi. Wala hatusemi usichanganye. Wale chotara wetu wa kwanza walikuwa wazuri kweli, na kuna sababu: wazazi wa koo zilizo mbali wakikutana, mtoto mara nyingi hupata nguvu ya ziada. Lakini nguvu hiyo ni ya kizazi cha kwanza hasa. Ukitaka kuendelea kuipata, ni lazima uendelee kuwa na mama mwekundu halisi. Kwa hiyo sehemu ya majike, yaliyo bora, hupandwa na dume mwekundu ili kuzaa mama wa kesho. Yaliyobaki hupandwa na Dorper, na chotara wote wanaozaliwa, wa kike kwa wa kiume, huuzwa. Hapo ndipo penye ugumu, maana jike chotara anapendeza macho, na mkono unakataa kumtoa.

Kadi ya kliniki ya mwanakondoo

Akina mama wenzetu, kila mmoja wetu anaijua kadi ya kliniki. Mtoto huwekwa kwenye mizani ya kuning'inia, muuguzi anaandika nukta, na nukta zikiunganishwa tunaona kama mtoto anapanda au ameanza kulala. Hakuna mama anayekwenda kliniki akasema, "Naona kwa macho tu kwamba amekua." Lakini kwa kondoo tulikuwa tukitumia macho tu, na macho hudanganywa na manyoya, na tumbo lililojaa, na hasa na umri. Aliyezaliwa wiki tatu mapema huonekana shujaa.

Basi 2019 tulinunua mizani ya kuning'inia, tukaifunga kwenye tawi, na gunia lililotobolewa matundu manne ya miguu. Kila mwanakondoo huvikwa hereni ya nambari. Katika daftari la shule tunaandika nambari yake, mama yake, baba yake, siku aliyozaliwa, kama ni pacha, na uzito wa siku ile ya kwanza. Tunampima tena karibu na siku ya 90.

Hesabu ni nyepesi. Mwanakondoo aliyezaliwa na kilo 3 akafikisha kilo 15 siku ya 90 ameongeza kilo 12. Gawanya kwa 90, na kila siku alipata gramu 133. Kama ulichelewa ukampima siku ya 100 akiwa na kilo 16, usimsifu bado. Ameongeza kilo 13 kwa siku 100, yaani gramu 130 kwa siku. Kwa siku 90 angekuwa na kilo 14 na gramu 700. Kumbe yule wa kwanza amemshinda kidogo.

Halafu kuna pacha. Mwaka wa kwanza wa daftari karibu tumkose jike mmoja bora. Pacha wake walikuwa na kilo 12 na gramu 300 mmoja, na kilo 12 mwingine, nao kando ya yule wa kilo 15 walionekana dhaifu. Binti yetu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, ndiye aliyejumlisha: mama huyo alikuwa amelea kilo 24 na gramu 300, na mwenzake kilo 15 tu. Tangu siku hiyo tunawapima pacha dhidi ya pacha, na jike tunampima kwa jumla ya kilo alizolea. Mwezi na nusu hadi miwili ya mwanzo mwanakondoo huishi hasa kwa maziwa ya mama yake, kwa hiyo ukichagua dume tu na kusahau kiwele, umefanya nusu ya kazi. Jike lenye chuchu iliyoziba, au linalomkimbia mtoto wake kabla hajapata dang'a saa zile za kwanza, halibaki kwetu, liwe zuri namna gani.

Kwa dume tunakuwa wakali zaidi. Jike humpa sura yake mtoto mmoja au wawili kwa mzao mmoja, lakini dume mmoja huweza kupanda majike 25 au 30, na kila mtoto hupata nusu ya urithi wake kwake. Tunatazama gramu zake kwa siku kwanza. Kisha miguu na meno. Kisha korodani, ziwe mbili, kubwa na zilizo sawa. Kama wewe huoni vyema kuzishika, mwite kijana wako, lakini zishikwe. Na tunatazama historia ya minyoo. Masika ikija tunafunua kope kila wiki mbili. Aliye mwekundu ndani haguswi, aliyepauka anapewa dawa na nambari yake inaandikwa. Dume kijana aliyehitaji dawa mara tatu huku wenzake wakistahimili bila hata tone moja, hatumwachi azae, hata kama anaongoza kwa kilo. Faida nyingine ni kwamba dawa inayotolewa kwa wote kila mara huwazoesha minyoo, mwishowe isifanye kazi kabisa.

Msomaji atauliza: yote haya yanaleta kilo ngapi? Tuseme kweli. Katika uzito wa kuachishwa kunyonya, sehemu kubwa ya tofauti hutokana na maziwa, malisho, umri wa mama na afya. Urithi ni kama sehemu moja kwa tano, pengine chini ya hapo. Dume aliyewazidi wenzake kwa kilo 3 hatawapa watoto wake kilo 3. Chukua moja ya tano ya kilo 3, ni gramu 600, na kwa kuwa yeye ni mzazi mmoja kati ya wawili, igawe nusu: gramu 300 kwa kila mtoto. Inaonekana kichekesho. Lakini kwa wanakondoo 30 ni kilo 9, na hukuzinunua. Mwaka ujao unaanzia hapo ulipofika, huku ukichagua tena. Na anayemuuza aliye bora kila mwaka anatembea hatua zile zile kwa kurudi nyuma.

Yakobo naye alijua. Wengi tunakumbuka zile fito alizoziweka mbele ya wanyama wa Labani, na watu hubishana sana juu yake. Lakini ukisoma sura hiyo ya 30 ya Mwanzo polepole utaona pia kwamba alichagua ni wanyama gani, wenye nguvu au dhaifu, wa kuzaa upande wake. Hilo lingemfaa mfugaji yeyote, hata bila fito.

Kubadilishana madume

Lilibaki tatizo la baba na babu. Hesabu miezi: dume akiingia leo, majike huzaa baada ya miezi mitano. Binti zake huweza kushika mimba wakiwa na miezi minane tu, au hata karibu na mwaka. Kwa hiyo kabla ya mwaka na nusu kwisha, dume huyo yumo zizini na binti zake waliokwisha kuwa tayari. Watoto wa ndoa za namna hiyo mara nyingi huzaliwa wadogo, hukua polepole na hufa kwa urahisi. Baadhi ya wale 11 tuliowazika walikuwa wa namna hiyo, na si haki kuitupia mvua lawama yote.

Familia yenye majike 15 haiwezi kununua dume mpya kila miezi 18. Ndipo sisi na majirani watano tukakubaliana. Kila nyumba huweka dume wake bora kutoka daftarini, na baada ya mwaka na miezi michache madume huhama nyumba kwa zamu, wakifuata njia ile ile, ili asirudi kwa binti zake. Kwa vijana wadogo na kwa miezi ambayo hatutaki mimba, tumerudia mbinu ya wazee wa Kimaasai: kipande cha ngozi kinafungwa chini ya tumbo la dume, naye anachunga na wenzake bila madhara. Tunalenga wanakondoo wazaliwe nyasi zinapokuwa karibu kuota, na wiki mbili tatu kabla ya kupandisha tunawapa majike malisho bora kidogo.

Hata huku kuhamisha madume si kugeni duniani. Katika karne ya 18 mkulima wa Kiingereza, Robert Bakewell wa Dishley, alikodisha madume yake kwa msimu badala ya kuyauza. Kwa njia hiyo aliweza kuona watoto wao katika makundi ya watu wengine, na aliyethibitika alirudi kwake. Kondoo wake walinenepa mapema kuliko wote wa wakati ule. Baadaye watu walilalamika kwamba nyama ilikuwa na mafuta kupita kiasi, kwa sababu alikuwa ametazama kunenepa zaidi ya mengine yote. Tulipolisoma hilo tulimkumbuka dume wetu wa 2014.

Ugomvi haukosi. Nyumba moja ilirudisha dume akiwa na kwato zilizooza, na kikao kilikuwa kirefu kuliko ibada. Sasa kila dume anakaguliwa na watu wawili kabla ya kuhama, na mwenye nyumba anamtunza wiki mbili peke yake kabla ya kumchanganya na kundi.

Majike wetu wa leo ni binti na wajukuu wa wale wanne wa Nyanya. Alitupa wawili wa kuanzia, akasema tutamrudishia wawili, na tulirudisha. Dume wa Dorper tunamkodi kwa jirani kwa majike wachache tu, wale waliokomaa na waliokwisha kuzaa. Wenye mimba ya kwanza hatuwapeleki kwa dume mkubwa hivyo.

Mwezi uliopita mnunuzi alikuja tena. Alisimama penye ua, kidole kikanyooka kwa nambari 31. Tulimwambia huyo hauzwi, achague kati ya wale saba waliotiwa rangi mgongoni. Aliongeza bei. Akaongeza tena. Nyanya, aliyekuwa ameketi kivulini akichambua maharagwe, alimwambia aende zake au anunue wa rangi. Alinunua watatu.